Mshono Wangu Kwenye Tanga

Ozi, 4 Juni 1955

Kwa mdogo wangu Buya,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Sisi huku wazima, ila mavyaa wangu Bi Madina magoti yanamsumbua tangu mto ulipopanda. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha?

Nina habari ya kukufurahisha. Mashua imekwisha. Komora fundi aliigongomea msumari wa mwisho juzi, na watu walikuja kuitazama kama harusi. Misimu mitatu nimeijenga kwa mpunga wangu, tangu bahari iliponichukulia mume wangu Hiribae ikaniachia mama yake na jembe. Mlingoti umesimama, foromali ya kufungia tanga imechongwa. Kilichobaki ni tanga. Lile la kuazima limeliwa na panya, ukilishika linabaki vidoleni. Wewe uko mjini, na ulikuwa baharia wa shemeji yako, jicho lako nalijua. Nitafutie tanga la foromali ya pima tano. Hata kama limeshatumika si kitu, mradi nguo iwe nzito.

Jambo la pili. Komora amenitaka, nami nimekubali. Mavuno yakiisha tutafunga ndoa. Miaka mitatu inatosha kumlilia aliyezama. Bi Madina mwenyewe ndiye aliyenishika mkono akasema, "Olewa, mwanangu. Mimi nitabaki nawe."

Dada yako,
Kabibi


Mombasa, 11 Julai 1955

Dada yangu Kabibi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, kazi ya gati ni ile ile. Namwombea Bi Madina nafuu.

Tanga limepatikana. Nimelinunua kwa dalali mmoja wa Bandari ya Kale. Lilikuwa limekunjwa ndani ya gunia, nikafungua pembe moja tu nikaishika nguo: marikani nene kama ngozi ya ng'ombe. Dalali hakusema lilitoka wapi, nami sikuuliza. Nimelipakia kwenye lori la Malindi liende mpaka Garsen. Ulichukue dukani kwa Tadicha, pale kivukoni.

Habari ya Komora imenifurahisha mno. Usichelewe, dada. Mtu mwema hangojeshwi.

Mdogo wako,
Buya


Ozi, 14 Agosti 1955

Kwa mdogo wangu Buya,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Tanga nililifuata Garsen mwenyewe kwa mtumbwi, siku tatu za kupanda mto. Tadicha alinipokea kwa maneno yake: "Mama, hii mzigo nanuka samaki. Ng'ombe yangu nakataa kupita. Ondoa leo." Tukacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho.

Tulilitandaza kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, mimi na Komora, Bi Madina amekaa pembeni. Nikalipitia upapi kwa upapi, kila ukanda wa nguo. Karibu na pembe ya chini nikakuta kiraka cha ukubwa wa sinia, kimeshonwa ule mshono wa mifupa ya samaki aliotufundisha Lydia, mke wa mwalimu, pale misheni ya Golbanti. Mstari wa pili umekosea, umerudi nyuma mara tatu. Nilikosea hivyo usiku ule ambao Hiribae alinihimiza nimalize kwa sababu alfajiri mnasafiri.

Buya, hilo ni tanga la Hiribae.

Mlitoka wawili tu, na wewe ndiwe uliyerudi peke yako. Wewe ndiwe uliyekaa kwenye mkeka wangu ukasema wimbi la Ngomeni lilipindua mashua tanga likiwa juu, likazama na kila kitu. Na juu ya kiraka changu kuna kiraka kingine, kwa uzi mnene, mkono wa mtu mwingine. Tanga lililozama hushonwa na nani?

Sijamwambia Bi Madina. Nieleze.

Dada yako,
Kabibi


Mombasa, 5 Septemba 1955

Dada Kabibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako imenisikitisha, kwa sababu naona huzuni imekurudia.

Dada, Lydia alifundisha wasichana wangapi? Na kukosea mshono nani hakosei? Tena shemeji hapendi tanga lenye kiraka juu ya kiraka, hilo unalijua wewe kuliko mimi. Haliwezi kuwa lake. Na hata kama lingekuwa lake, bahari hutupa vitu ufukweni, watu huokota, hukausha, huuza.

Fanya hivi: lichemshie magome ya mkoko ulitie rangi, lifungwe kwenye foromali, lifanye kazi. Na ndoa usiiahirishe kwa ajili ya kitambaa.

Mdogo wako,
Buya


Ozi, 25 Septemba 1955

Buya,

Salamu. Bi Madina anakusalimu, hajui ninachoandika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika mkunjo. Umeandika "shemeji hapendi". Sisi huku kwa miaka mitatu tunasema "alipenda", "alikataa", "alikuwa akicheka". Hata mama aliyemzaa husema hivyo. Maiti hapendi wala hachukii. Wewe peke yako mkono wako umeandika kama anavyoandikiwa mtu unayejua yuko mahali fulani anakula.

Tena una haraka na ndoa yangu kuliko Komora mwenyewe. Nilipomwonyesha kiraka alirudi kwake, kesho yake akaja akasimama mlangoni. "Kabibi," akasema, "mimi siwezi kuoa mke wa mtu. Jua kwanza." Ndoa imesimama.

Nimebaki na mawili. Ama Hiribae yu hai, ama ulimvua tanga kabla ya kumtupa baharini. La pili nikilifikiria naamka nimekaa kitako. Mama yetu alipokufa, nilikubeba mgongoni mpaka watu wakadhani nimekuzaa. Usinifanye niogope mtoto niliyembeba.

Jibu swali moja tu: yuko wapi?

Kabibi


Ozi, 6 Novemba 1955

Buya,

Wiki sita kimya. Lori limepita Garsen na kurudi mara ngapi sijui, na kila mara Tadicha ananiambia, "Barua hapana, mama."

Basi jua hili. Bi Madina aliniona nimelala juu ya tanga mchana kweupe. Akaniuliza, nikamwambia yote. Hakulia. Aliomba kiraka, akakipapasa kwa dole gumba, akasema, "Kila mwaka nimemsomea hitima. Majirani wamekula wali wangu wakamwombea. Nataka kujua walimwombea nani."

Komora atasafiri mwezi ujao. Atakuja mpaka gatini, akuulize mbele ya wenzako.

Kabibi


Mombasa, 28 Novemba 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Sina haki ya kuuliza hali yako.

Usimtume Komora. Nitasema.

Mashua haikuzama. Hatukupinduka Ngomeni wala popote. Tulishusha mchele Mombasa, kisha shemeji akasema tuendelee kusini. Tukafika Pangani. Huko alikuwa na mwanamke, na mwanamke alikuwa na mimba. Hawakuwa wageni wao kwa wao, nyumba ilikuwa na viatu vya shemeji. Akaniketisha akaniambia, "Ozi nimechoka. Kila mtu ananijua mimi na baba yangu na babu yangu. Sitarudi. Lakini nikisema nimemwacha Kabibi, mama yangu atanilaani. Nikifa, atanililia tu. Wewe nenda ukaseme nimezama."

Nilikataa siku moja. Siku ya pili akasema ana rafiki msimamizi wa gati, atanipatia kazi. Dada, nilikuwa na miaka kumi na minane na sikutaka tena kufukuza ndege mpungani. Nikakubali. Nilidhani ni neno moja, nitalisema na kuondoka. Nilipokuona umeanguka mkekani nilitaka kulirudisha, lakini Bi Madina alikuwa ameshaanza kupiga kelele na majirani wanaingia.

Tanga sikulijua. Naapa. Baada ya barua yako nilikwenda kwa dalali, akasema lilitoka Pangani, kwa mtu aliyeuza mashua kubwa akanunua ngalawa. Pale nikajua ni shemeji. Ndiyo, nilitaka uolewe upesi. Nilidhani ukiwa na nyumba yako, nami nitapumzika. Sikufikiria kwamba ningekuingiza katika ndoa ya haramu. Nasema uongo. Nilifikiria.

Huko anaitwa Masudi.

Buya


Ozi, 15 Desemba 1955

Buya,

Barua imefika. Nilimsomea Bi Madina polepole, kila neno, hata yale ya kumchoma. Akasema nisome tena pale penye viatu.

Nilidhani atasema tumwache. Aliniambia nimfungie nguo. "Nimemlilia maiti," akasema. "Sasa nataka kumwona anayekula." Komora amekubali kutuchukua. Kaskazi imetulia, mashua imefungwa tanga lile lile, kwani jingine hatuna. Sikulitia rangi. Na mimi nina haja yangu: talaka, kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Tutaingia Bandari ya Kale karibu na tarehe kumi na tano ya Januari. Utatungoja hapo. Utapanda nasi mpaka Pangani, useme mbele ya mama na mwana yale uliyoniandikia mimi.

Kabibi


Ozi, 2 Machi 1956

Buya,

Salamu. Tumerudi, tu wazima.

Tulikungoja siku mbili. Siku ya pili Komora alikwenda gatini, wakamwambia umeomba ruhusa ya ugonjwa. Bi Madina akasema twende, maji yanakupwa.

Kwa kuwa hukuja, nitakueleza.

Tuliingia Pangani asubuhi, watu wamejaa ufukweni wakinunua samaki. Hiribae alikuwa katikati yao na kapu mkononi. Alilijua tanga kabla hajatujua sisi. Niliona anaweka kapu chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa atulie. Hakukimbia. Amenenepa.

Komora alimbeba Bi Madina mpaka mchangani. Mama akamwendea, kidogo kidogo kwa yale magoti, akasimama mbele yake. Mwanamke mmoja mwenye mtoto akasogea karibu na Hiribae. Mama akamtazama usoni muda mrefu, kisha akauliza, "Wewe ni nani?"

Buya, alikuwa na nafasi. Neno moja tu lilihitajika. Akawatazama wale watu, akamtazama yule mwanamke, akasema, "Mimi Masudi."

"Basi nisamehe, Masudi," Bi Madina akasema. "Nilikuwa namtafuta mwanangu Hiribae. Naona kweli alizama."

Akageuka. Hiribae akamfuata mpaka maji yakamfika magotini, anaita, "Mama, mama." Bi Madina hakugeuka. Komora akampandisha mashuani, naye akakaa akitazama upande wa bahari.

Mimi nilibaki nchi kavu. Nilimwambia sitaki maelezo, nataka talaka, na nikaita wazee wawili na mwalimu wa chuo cha Kurani washuhudie. Aliitoa akitazama miguu yangu. Yule mwanamke hakuwa akijua kwamba nipo. Aliniletea maji ya kunywa kwenye kata. Nikanywa yote, asije akadhani nina ugomvi naye.

Tukarudi mpaka tukaiona Kipini, mdomoni mwa mto. Hapo Bi Madina akaomba wali, akala, akasema mwaka huu hakuna hitima. Eda yangu ikiisha, nitaolewa na Komora.

Sasa wewe. Wote huku wananiuliza nitakufanyaje, nami sijui la kuwajibu. Sikuamini, Buya. Ukiniandikia kwamba mvua imenyesha, nitatoka nje nitazame. Lakini kuna mtu mmoja alikana jina lake mbele ya mama yake, nikaona uso wake baada ya hapo, na sitaki kuuona uso huo kwako.

Ukija, njoo mchana. Pita kwanza mlangoni kwa Bi Madina, useme mwenyewe kwa mdomo wako yale uliyoniandikia. Mimi sitafungua wangu kabla yake.

Dada yako,
Kabibi