Kopo la Mawe la Hawa

Tanga, 3 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Ismaili,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Mkaza mjomba Zuhura anaendeleaje na goti?

Ndani ya mzigo huu kuna kopo la maziwa lenye mawe ya marehemu mama, yale aliyokuwa akiokota mtoni hapo Soni kila akienda kufua. Nimekutumia video kwenye simu. Watu wanaunda mashine ya kubingirisha mawe pamoja na unga mkali mpaka yang'ae kama kioo. Wanatumia vyuma chakavu, na kwa vyuma chakavu wewe ndiye tajiri wa ukoo. Naomba uniundie moja, uyang'arishe, niyatunge mkufu wa siku ya harusi. Harusi ni Novemba, nadhani umesikia.

Mpwa wako,
Sharifa

Soni, 23 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Sharifa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la Zuhura linauma likiona ukungu, na ukungu wa Juni unaujua.

Harusi nimeisikia. Nimeisikia sokoni kwa muuza karoti, aliyenipa hongera nikamuuliza ya nini. Kumbe posa imeshakuja, baba zako wakubwa wameshaipokea, pilau imeshaliwa. Sidai kilemba cha mjomba, kofia ninazo. Ila mtoto wa umbu langu Hawa anaposwa, siulizwi hata "unaonaje", halafu naletewa kopo. Mjomba hana kazi, fundi ana kazi. Haya.

Nina mota ya pampu; pampu ilikufa, mota ikabaki. Inazunguka mara 1,400 kwa dakika, na kwa mwendo huo utapata kokoto na kelele. Basi puli ya sentimita 5 nimeifunga mkanda hadi kwenye rimu ya baiskeli ya sentimita 50: gawa kwa kumi, 140. Rimu inazungusha bomba la chuma la sentimita 3, na juu yake kinalala chombo cha sentimita 12: gawa kwa nne, 35. Hapo jiwe linabingirika, halirushwi. Yule bwana wa video hakusema hata namba moja, anacheka tu.

Chombo ni kipande cha bomba la maji machafu, ndani nimekivisha tyubu ya trekta. Beringi ni za pikipiki. Unga mkali nimeupata kwa kuponda mawe ya grenda yaliyoisha kwenye kinu cha Zuhura. Sasa anataka kinu kingine, kile anasema kimeharibiwa.

Kila jiwe nitalikwaruza kwanza kwa msumari. Likichorika ni laini, haliingii humo, litaliwa na wenzake.

Mjomba wako, au fundi wako,
Ismaili

Tanga, 30 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na usiipokee kwa kununa. Huku ni wazima wote.

Nami sikuulizwa, Mjomba. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilipouliza kwa nini hamkuitwa, Baba Mkubwa alisema kutoka Mombo kupanda kwenu kona ni nyingi na mshenga ana kizunguzungu.

Naomba kitu kimoja. Humo koponi kuna jiwe jeupe lenye mshipa wa rangi ya chai. Ndilo mama alilokuwa amelishika mkononi hospitali, nesi akaja kunipa. Hayo mengine hata yakipotea nitavumilia. Hilo nataka likae katikati ya mkufu. Upande wa mama siku hiyo hautakuwa na mtu wa mbele, basi uwe na jiwe.

Mpwa wako,
Sharifa

Soni, 28 Julai 2024

Sharifa mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Hapa tuna afya, amani hatuna.

Mashine inazunguka mchana na usiku, haitakiwi kusimama. Jirani yangu Esteria alichungulia ua akaniuliza, "Ismaili, unasaga nini usichokila?" Nikamwambia nasaga harusi. Akasema basi hiyo ndoa itakuwa na makelele.

Baada ya unga wa kwanza, ule wa chembe kubwa, nilifungua chombo, nikamwaga tope mferejini. Lilikwenda jeupe kama maziwa. Nikasema maji yatalichukua. Maji hayakulichukua. Lilishuka hadi kwenye bomba linalopita chini ya barabara, likatulia, likaganda kama saruji. Zamu ya maji ya Esteria ikafika, maji hayakufika. Kabichi zake zikalala chini kama wagonjwa. Watu wa mfereji wote wakaitwa na majembe, na kila aliyepita alinisalimia "shikamoo mzee wa mawe", hata wakubwa zangu.

Hayo ni madogo. Niliweka mawe 41, nimetoa 40.

Lililopungua ni lile jeupe. Nimepekua chombo, nimechuja tope lililobaki kwa kitambaa, nimelala kifudifudi mferejini. Halikuibiwa, halikupotea. Lilikuwa laini, wenzake wamelila. Ndilo lile lililopita mbele yangu kama maziwa.

Utauliza msumari ulikuwa wapi. Ulikuwa mkononi. Yale 40 niliyakwaruza moja moja. Lile nililishika, nikaona kama namkwaruza Hawa. Nikalitia hivyo hivyo. Hesabu zote nilizipatia, nikashindwa kukwaruza jiwe moja.

Mjomba wako,
Ismaili

Soni, 18 Agosti 2024

Sharifa,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Simu inaita, inaita, inakata. Sasa kunyamaziwa na baba zako nimezoea, na wewe sijazoea.

Yale 40 yamemaliza unga wa mwisho. Yanang'aa hata uso wangu nauona, na si habari njema. Siyatumi kwa basi. Utakuja kuyachukua au yatakaa.

Walipozibua lile bomba lilitoka bonge zima, saizi ya mkate wa boflo, la kijivu, zito. Esteria alilibeba mwenyewe hadi mlangoni kwangu: "Mzigo wako huu." Nikamweleza lina nini ndani. Akaliweka chini taratibu, hakusema tena habari ya kabichi.

Kulitupa siwezi. Kuliingiza ndani Zuhura hataki. Liko uani, kuku wanalipandia. Niambie nifanye nini.

Mjomba wako

Tanga, 8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ikanipeleka kwa Baba Mkubwa badala ya kuja kwako.

Nilimwambia posa hii ina mguu mmoja. Akasema, "Upande wa mama yako ulishakufa." Nikamwambia haujafa, uko Soni, umeziba bomba la jirani. Alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyopita akamwita mshenga.

Wanapanda Jumamosi ya tarehe 21, yeye na mshenga na upande wa mume, waje waulize upya kwako kama hawajawahi kuuliza popote. Nimesema ukikataa, Novemba haipo. Mchumba wangu amekubali. Mshenga atakaa kiti cha mbele na limau mkononi.

Bonge usilitupe. Fukuza kuku, lioshe, liweke kizingitini. Nataka kila mmoja wao alivuke kabla hajaketi. Wakiuliza ni nini, waambie ndiye mama wa binti, ametangulia kuwapokea.

Mpwa wako,
Sharifa

Soni, 12 Septemba 2024

Sharifa,

Marahaba. Sote wazima, goti linauma.

Limeshakaa kizingitini. Zuhura amejikwaa mara mbili na amelaani, lakini hajalisogeza. Mashine nimezima ili watu wasikilizane. Esteria analeta kabichi zilizopona.

Barua yako ina kila kitu isipokuwa idadi. "Upande wa mume" ni watu wangapi? Huko shule mlifundishwa nini? Nitakopaje viti?

Mjomba wako,
Ismaili