Ndege za muti wa ngazi

Jumatano, Bunia.

Kila siku nilizilalamikia zile ndege za manjano: makelele, na kupasua majani ya migomba yangu ili zisuke viota. Leo muti wangu wa ngazi, ule wa mafuta ya mawese, uko kimya. Viota viko, ndege hapana.

Mama Riziki, jirani aliyekimbia vita kule Gety, alikuja tuongee maua kama kawaida. Nikamwambia, nikicheka, sasa nimepata amani.

Hakucheka. "Ile ndege inapenda kukaa penye watu. Kwetu ilitangulia kutoka, siye tukafuata."

Kisha akasifu roza zangu. Nami nikajibu mambo ya roza tu.

Jioni nikapita kwake. Miche ya roza niliyomupa, aliyoipanda juzi, ameing'oa na udongo wake. Iko ndani ya mufuko, karibu na mulango.

Roza zangu mizizi imeenda chini sana.