Binti Kalala Tu

Kinyerezi, Alhamisi baada ya Isha

Nilimwambia aache maji ya barafu! Leo mtafsiri wetu kaja hana sauti, na kibanda umiza changu cha kuonyeshea video kimejaa. Filamu ya Kihindi bila wa kuitafsiri, watu wakaanza kelele. Bi Zuhura, jirani yangu, akashika maiki. Kihindi hajui hata neno, akawa anatunga tu.

Mwishoni mwa filamu, binti alipofumba macho, Bi Zuhura akasema, "Msilie wanangu, kalala tu huyo, kachoka." Watu wakatoka taratibu, kama wanaogopa kumwamsha.

Jumamosi tunairudia. Mtafsiri atawaambia binti kafa.

Mie nimeshaiona mara nne. Leo ndio kwanza nimeamini kwamba ataamka.

Nimemtumia mtafsiri meseji: Pole kaka, pumzisha koo mpaka Jumapili.