Msanifu wa Majengo, Mwambie Mama Ashuke

Kaka yangu Salimu,

Assalaam aleikum. Hujambo huko ughaibuni, na kifua chako kinasemaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo wangu haujatulia. Simu yako haishiki, basi nakuandikia mbele za watu, atakayekujua akufikishie.

Unakumbuka siku ulipohitimu? Ulimwambia Mama, "Mimi sasa ni msanifu majengo." Akadhani umepewa mtaa wetu huu wa Majengo, akatoka mbio barazani: "Mwanangu kapewa Majengo! Ndiye msanifu wake!" Mtaa mzima ulicheka. Jirani yetu Bi Zuhura akauliza, "Na choo chetu atakisanifu lini?" Wewe hukumsahihisha Mama. Ulijenga majumba mjini, ukawa mwalimu wa chuo kikuu, na bado ukawa unawaleta wanafunzi wachore nyumba zetu za udongo. Uliwaambia, "Kabla hujachora nyumba, uliza nani atalala ndani." Mimi nilikuwa nikiwakaangia mahamri, nikijiona kama niliyesoma pia.

Nyumba yetu ile ya udongo ikabomolewa, likaja ghorofa hili, nasi tukapanga chumba juu. Ulipotutembelea mara ya mwisho ulitazama dari, ukanywa chai, ukanyamaza.

Sasa sikiliza. Baada ya wewe kuondoka, mwenye ghorofa alivunja nguzo moja chini ili duka lipate nafasi. Tangu hapo ukuta wa upande wa Mama umepasuka, mlango haufungi, na lori likipita nikiwa nimesujudu, sakafu inatetemeka chini ya paji langu. Nilipolalamika, fundi wake alinijibu, "Mathe, tulia, ni plasta tu hiyo." Akapaka rangi. Ufa ukatokeza juu ya rangi. Wapangaji wa chini wamehama.

Mama hataki kushuka. Miguu yake haimchukui tena; majirani walikuja na kiti wamteremshe, akang'ang'ania kitanda. "Msanifu wa Majengo aliipitia nyumba hii kwa macho yake. Ingekuwa mbovu, angekaa kimya?"

Nikimweleza habari ya nguzo, ananiuliza nimesomea wapi. Kumwacha siwezi. Naogopa, kaka. Hata Ayatul Kursi naikatiza katikati kitu kikilia ukutani, kisha naona haya mbele ya Mola wangu.

Usinijibu mimi. Mjibu yeye, kwa sauti yako mwenyewe: mwambie hukuipitisha nyumba hii, ulikuwa unakunywa chai tu. Jibu upesi, tafadhali.

Dadako, ninayelala chumba kimoja na Mama