Herufi Mbili za Mbega

Riruta, Nairobi
Jumatatu

Kwa kaka yangu Shamsudin,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepoa. Sisi huku hatujambo, ila baridi inatutafuna.

Kazi ya mabango inakwenda. Wateja wananifuata hadi kutoka Kinoo kwa kuwa wameambiwa Zuhair ni mtu wa Pwani, Kiswahili chake hakina kasoro. Sifa hiyo ndiyo inayonilisha, na kichwa kimenivimba kwayo.

Mama amenieleza kwamba Alhamisi unaitwa mbele ya kamati ya msitu. Kumbe wakulima walisoma lile bango uliloniagiza, kisha wakamwona mbega mwekundu ukingoni mwa shamba, wakampiga mawe mpaka akafa, mtoto wake yuko kifuani. Mbega hao hawapo popote duniani ila kwenye misitu yetu ya mto Tana, nawe umewalinda miaka kumi na mmoja. Sasa ati maneno ya bango ni yako, na kazi utaachishwa.

Uliponipigia simu kuniuliza, maana ujumbe wenyewe kwako ulishafutika, nilikuapia kwamba nilichora ulivyonitumia. Nikakuapia tena, hata nikakufokea. Ndiyo maana leo naandika, maana kwenye simu ningekana tena.

Kaka, niliongopa. Ujumbe wako ulisema MBEGA HUYU HATARINI SANA. Mimi nilikuwa nimeuchora mkia mrefu mno, nafasi ikaniishia, nikaandika MBEGA HUYU HATARI SANA. Rangi haijakauka, Wangeci, mshonaji wa jirani, akaniuliza, "Kwani hiyo tumbili huuma watu?" Nikamcheka, nikamwambia mtu wa bara hanifunzi Kiswahili. Nilijua amenishika kosa. Nikaona uvivu kufuta, nikalipakia kwenye basi hivyo hivyo.

Naona aibu kubwa, na yule mnyama ananiuma rohoni. Usikiri kosa lisilo lako. Humu ndani nimeweka ujumbe wako niliouchapisha, na barua kwa kamati yenye jina langu kamili. Wasomee kabla hujasema neno. Naituma kwa basi la asubuhi ili ikuwahi.

Ukitaka kuninunia, ninunie, nimestahili. Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama mwambie ukweli wewe, mimi nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhair