Wimbo wa Kumzika Mama

Mpendwa Nekesa,

Huku Funyula tuko salama, ingawa nyumba imepoa tangu tumzike babu yako. Unauliza kama nitakubali uolewe na Mkatoliki.

Mama yangu alipofariki, miaka ya sabini, baba, mzee wa kanisa letu la Kianglikana, aliwakataza akina mama Wakatoliki, majirani zetu, kuimba mazishini. Hawakuondoka. Walikaa uani wakimenya ndizi za wageni. Jeneza liliposhushwa, kwaya yetu ilizidiwa na kilio, wimbo ukakatika. Kwetu maiti hashushwi kimyakimya. Baba akawaendea wale akina mama uani.

"Wimbo huu mnaujua?"

"Tunaujua, mzee. Tulidhani ni wetu."

Baba alicheka huku analia, akawapeleka mwenyewe kaburini. Waliimba mpaka udongo ukajaa.

Mlete huyo kijana nimwone.

Nyanya yako