Chumvi Aliyokunywa Mama

Chumba cha juu,
nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto wenu, meno yamemaliza kumsumbua au bado anang'ata kila anayempakata? Mimi mwili mzima, nashukuru. Moyo ndio sijui niuseme vipi. Kama unasoma barua hii umesimama, tafuta kiti kwanza.

Simu nimeshindwa. Kila nikikupigia, Mama anakaa ubavuni kwangu, ananikodolea macho, nami naishia kukwambia tupo tu, hatujambo. Uongo mtupu. Mafigo ya Mama yamechoka. Daktari anataka aanze kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na Mama amekataa. Habari yenyewe ndiyo hiyo, mengine yote ni maelezo.

Ilianza na miguu. Ilivimba hata kandambili zikawa haziingii, na ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Daktari akampunguzia maji ya kunywa, chumvi akampiga marufuku kabisa. Sasa wewe, mwambie mtu aliyetusomesha kwa kuuza achari ya ndimu kwamba chumvi ni sumu! Aliitikia kwa adabu zote, "Sawa, daktari," kisha akarudi nyumbani kufanya lake.

Unajua lake lilikuwa lipi? Maisha yake yote amezitazama ndimu kwenye chupa. Unazikata, unazimwagia chumvi, kesho yake zimenywea na chupa imejaa maji. Akasema moyoni, kama chumvi inakamua ndimu, miguu yangu itaishindaje? Ikawa kila asubuhi anakoroga chumvi kwenye bilauri, anaigugumia nyuma ya pazia la jikoni. Shangazi ndiye aliyemfumania. Lakini wapi, tulikuwa tumeshachelewa. Chumvi ilileta kiu, kiu ikaleta maji, maji yakapanda hadi kifuani. Tulimkimbiza hospitali anahema kwa mabega.

Nilikasirika, mdogo wangu. Mimi nafundisha watoto wa watu baiolojia, chembe hai nazichora ubaoni kila muhula, halafu mama yangu mzazi anakunywa maji ya chumvi chumba cha pili! Lakini kwenye kitanda cha hospitali hakugombwi. Nikavuta stuli, nikakaa, nikamweleza.

Nikamwambia, Mama, mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo mno, macho hayazioni. Kila moja ni kama kifuko. Ndani yake mna ute, ndani ya ute mna kiini kinachoamua mambo yote, na nje kifuko kimefunikwa na utando mwembamba. Utando huo si ukuta, wala si mlango wa wazi. Unachagua. Maji yanapita kirahisi, chumvi haipiti hivi hivi. Na maji, tabia yake ni kufuata upande wenye chumvi nyingi. Ndiyo maana ndimu inanywea.

"Si ndicho nilichokisema mimi?" akaruka.

"Ngoja kwanza. Ndimu ikinywea, maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanabaki chupani. Yaende wapi tena?"

"Basi na uvimbe wako hauko ndani ya vifuko. Uko nje, katikati ya kifuko na kifuko, na chumvi inaita maji mengine yaje papo hapo. Mama, wewe hapa si ndimu. Wewe ni chupa."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akapaliwa. "Kumbe nimejitia achari mwenyewe!" Hata muuguzi alicheka. Sijamsikia akicheka tena tangu siku ile.

Nikaona chuma kingali moto, nimweleze na mashine. Damu inapita ndani ya vijimirija vyenye utando, nje yake kunapita maji maalumu yaliyo safi. Uchafu uliojaa kwenye damu unahamia kule usikokuwa. Chembe za damu ni kubwa, hazipenyi, zinarudishwa mwilini. Alisikiliza kuliko wanafunzi wangu wote. Akauliza, "Na mafigo yakishapumzika, yatapona?" Nikasema hapana, Mama, haya hayatapona. "Kwa hiyo naingia leo, kesho kutwa naingia tena, mpaka lini?" Nikamnyooshea shuka. Akanipapasa mkono. "Nimekuelewa, mwanangu. Umefundisha vizuri. Sitaki."

Nilibembeleza, nikalia, nikamfokea mbele ya wagonjwa wenzake, nikajivunjia heshima bure. Daktari akanivuta kando, akaniambia ana akili timamu na uamuzi ni wake. Shangazi naye akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilimchukia kwa neno lile, na bado sijamsamehe sawasawa. Sikio la Mama linasikia vizuri sana. Kama asingenielewa, ningerudia kumweleza hata mara mia.

Sasa yuko nyumbani. Nimemtandikia karibu na dirisha, nazipika mboga bila chumvi, anakula matonge mawili kunifurahisha mimi. Hataki uambiwe. Anasema usije ukaacha kazi ya watu kwa ajili ya kizee. Mimi nakwambia. Ulisema utakuja mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka ni mbali, mdogo wangu. Daktari hahesabu hata miezi.

Shangazi anakusalimu, pamoja na kununiana kwetu. Binamu yetu Kifimbo anakusalimu pia, na fundi cherehani wa chini huuliza habari zako kila nikishuka. Nisalimie wifi, nibusie mtoto.

Daktari alinionya kwamba uchafu ukizidi kwenye damu hufika hadi kwenye ubongo, na Mama ataanza kuchanganya watu. Jana mchana nimempelekea uji, akaniita kwa jina lako. Nikaitika. Akauliza kama nimekula njiani. Nikasema nimekula, Mama. Akalala, uso umemtulia. Leo ameita tena, nami badala ya kuitika nimechukua kalamu. Njoo uitike mwenyewe.

Mola akufikishe salama, na akufikishe mapema.

Dada yako akupendaye, aliyekubeba mgongoni.